Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mwaka huu tumewaangalia waliosahaulika

Wanachama wenzangu, habari za siku. Mambo ya hela mweka hazina ameshawatumia kwaiyo mimi siyagusi, naenda moja kwa moja kwenye kilichonikaa moyoni.

Toka chama chetu cha kuangalia moluska (viumbe wa mwili laini, wengi wana gamba) kianze, watu wanakuja kwa ajili ya kauri na pweza, na ni haki yao manake ni viumbe wazuri, lakini moluska wana ngeli zingine, yaani makundi mengine, ambazo tunazikanyaga kila maji yakikupwa. Mfano kitoni. Yule bapa aliyeganda kwenye mwamba, mgongoni ana vigae 8 vimepandana kama bati za nyumba, pembeni mshipi wa miibamiiba, ukimtazama unasema ni jiwe tu. Kumbe hawa wa kwetu, Acanthopleura, wana vijicho humohumo ndani ya vigae, na lenzi zake ni za madini yaleyale ya gamba! Ulimi wake una meno yaliyovikwa magnetaiti, madini ya chuma kabisa, ndo maana anakwangua mwani pamoja na mwamba wenyewe.

Kwenye safari ya bamvua, siku ambazo maji yanakupwa sana, tulipaka kitoni watano doa la rangi ya kucha, na pale kila mmoja alipolala tukaweka doa lingine. Saa nne usiku maji yamekupwa kabisa wakaanza kutoka mmoja mmoja kwenda kula, sisi tumechuchumaa na tochi hakuna anayeongea, na kabla maji hayajawarudia wanne walikuwa wamesharudi kwenye vishimo vyao vilevile, kila mmoja amejipachika doa kwa doa. Wanafuata utelezi wao wenyewe. Wa tano hatukumwona tena.

Kuna jambo limeniuma. Mgeni mmoja alimbandua kitoni na kisu awaonyeshe watoto, kitoni akajikunja kama jongoo, tukajaribu kumrudisha hakushika, asubuhi kabaki vigae tu. Lawama naibeba mimi kwasababu sikuwaambia watu mapema. Kuanzia sasa hakuna kubandua, na jiwe ukiligeuza lirudishe lilivyokuwa.

Ngeli nyingine, skafopoda, tulipata maganda matupu tu, vile vipembe vyeupe vilivyo wazi huku na huku kama pembe ya tembo ya mwanasesere. Mwenyewe anaishi kajizika kichwa chini, ncha nyembamba ndo inachungulia juu ya mchanga, hana hata mashavu ya kupumulia, na anakamata vijidudu vya mchangani kwa nyuzi laini zilizo kichwani.

Wale moluska walio kama minyoo, wasio na gamba, wenye vimiiba tu mwilini, na ngeli ya monoplakofora, hao ni wa kuwasoma tu, wengi wako kina kirefu. Ila monoplakofora msikilizeni: walijulikana kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, watu wakaamini wameisha mamilioni ya miaka iliyopita, mpaka 1952 meli ya Denmark, Galathea, ikavua wazima Pasifiki upande wa Costa Rica, zaidi ya mita 3,500 chini, na Henning Lemche, mtaalamu wa wanyama wa Denmark, akawatangaza 1957. Gamba moja kama kofia, ndani mashavu jozi 5 na misuli jozi 8! Nilipowasimulia vijana wetu walikaa kimya, halafu mmoja akauliza tutapata lini meli.

Meli hatuna. Tuna bamvua ijayo, mje na viatu vya kufunga, tochi, na rangi ya kucha, safari hii nataka tuweke alama ishirini.