Kolesteroli yangu ilikuwa nzuri siku niliyokuwa hoi

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu vipimo vya damu vinavyoweza kumwonya mapema mgonjwa wa utumbo juu ya moyo wake. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Naishi na ugonjwa wa Crohn, yaani kuvimba kwa utumbo kusikoisha, huu ni mwaka wa 14, na ni nadra kumwona mtu akikumbuka kwamba sisi wenye matumbo korofi tuna mioyo pia. Kwa hilo ahsanteni. Ila kuna neno moja nimelitafuta makala nzima nisilione: lini. Hiyo damu ilitolewa lini, ugonjwa ukiwa umelala au ukiwa umeamka?

Nina faili lenye majibu yangu yote ya maabara. Karatasi mojawapo ni ya wiki ambayo nilikuwa nakwenda chooni mara kumi na moja kwa siku, nimepungua kilo tisa, na kupanda ngazi mpaka ghorofa ya pili kulikuwa safari yenye vituo. Kolesteroli yote, milimoli 3.1 kwa lita. LDL, ile inayoitwa kolesteroli mbaya, 1.6. Pembeni mwa tarakimu hizo daktari aliyenipokea kapiga tiki kubwa na kuandika "Safi!" Alama ya mshangao ni yake. Miezi minane baadaye utumbo umetulia, uzito umerudi, chooni naenda kama binadamu wengine: kolesteroli 5.7, LDL 3.6. Daktari mwingine akanitazama juu ya miwani na kuniuliza siku hizi nakula nini. Sikuwa nimeanza kula chochote kipya. Nilikuwa nimepata nafuu, basi.

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba ile karatasi ya kwanza ndiyo iliyosema kweli na ya pili ndiyo iliyoniumbua. Sasa najua ni kinyume chake. Utumbo ukiwa na mchochota, yaani ukiwaka, ukavimba na kutoa vidonda, seli za kinga humwaga kemikali kwenye damu, mojawapo ikiitwa interleukini-6. Ini likizipata habari hizo hubadili kazi zake. LDL hushuka. HDL, ile inayoitwa kolesteroli nzuri, nayo hushuka, wakati trigliseridi, mafuta mengine ya kwenye damu, mara nyingi hupanda. Hata HDL inayobaki si ile ya jana: protini ya dharura iitwayo amiloidi A ya seramu huingia ndani yake na kuifukuza protini yake ya asili, kwa hiyo uwezo wake wa kuilinda mishipa hupungua. Wanaotibu baridi yabisi wameliona jambo hili kwa wagonjwa wao zamani: kolesteroli inashuka huku hatari ya moyo ikipanda. Mtu akiisoma LDL yangu ya 1.6 peke yake atanipongeza. Akiisoma pamoja na kilo tisa nilizopoteza, atashika simu.

Hapa lazima nitenganishe vitu viwili, maana wapo watakaosema kila kolesteroli ya chini kwa mgonjwa wa Crohn ni ya uongo. Hapana. Mwishoni mwa utumbo mwembamba ndipo asidi za nyongo hunyonywa tena, karibu asilimia 95 yake, zirudi kwenye ini zikatumike upya. Aliyekatwa kipande hicho huipoteza nyongo chooni, na ini hulazimika kuchukua kolesteroli kutoka kwenye damu litengeneze nyingine. Huko kushuka ni kwa haki. Huko Marekani madaktari wa upasuaji waliwahi kuunganisha utumbo makusudi ukikiruka kipande hicho kwa watu waliokwishapata mshtuko wa moyo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kolesteroli ikishuka kwa zaidi ya asilimia 20 na mishtuko mipya ikipungua. Kwa hiyo wagonjwa wawili wa Crohn wanaweza kukaa benchi moja, kila mmoja na LDL ya 1.6, mmoja ikimlinda na mwingine ikimdanganya. Karatasi ya maabara haiwatofautishi. Ni historia ya mgonjwa inayowatofautisha, na historia haitoki kwenye mashine.

Nije kwenye CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na mchochota, ambayo makala yenu imeipa cheo kikubwa. Protini hii iligunduliwa mwaka 1930 na Tillett na Francis katika damu ya wagonjwa wa nimonia, na tangu hapo imebaki shahidi mwaminifu asiyejua anwani: anasema kuna moto, hasemi unawaka nyumba ipi. Kwa mtu asiye na ugonjwa mwingine wa mchochota, CRP iliyopimwa kwa kipimo nyeti ikiwa chini ya miligramu 1 kwa lita huhesabiwa kuwa hatari ndogo ya moyo, kati ya 1 na 3 ya wastani, zaidi ya 3 kubwa. Ikipita 10, kawaida huambiwa subiri, tafuta chanzo kingine, kisha pima upya. Sasa sisi tuingie wapi? Siku ya ile tiki yangu kubwa ilikuwa 64. Ningesomwa kwa jedwali la moyo, familia ingeanza kuchanga. Tena kuna wenzetu, hasa wenye kolaitisi ya vidonda, ndugu wa Crohn anayeshambulia utumbo mpana, ambao utumbo unawaka na CRP haitikisiki. Kwao kipimo cha choo cha kalprotektini, protini inayotoka kwenye utumbo unaowaka, husema zaidi. CRP nzuri ina kazi moja kubwa kwetu: kuonyesha kwamba moto umezimika kiasi cha vipimo vingine kuweza kusomwa.

Sukari ndiyo iliyonitesa zaidi, na makala imeipitia kwa aya moja tu. Kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu hupima sukari iliyonata kwenye hemoglobini ya chembe nyekundu za damu, na kinategemea chembe hizo kuishi umri wake wa kawaida, siku 120 hivi. Mgonjwa wa utumbo anavuja damu, anakosa madini ya chuma, pengine ameongezewa damu, pengine anakunywa salfasalazini, dawa ya utumbo ambayo kwa baadhi ya watu huzipasua chembe hizo mapema. Akivuja sana na mwili ukatoa chembe changa nyingi, jibu hushuka kwa uongo. Chuma kikipungua kwa muda mrefu, jibu hupanda kwa uongo. Mimi niliwahi kupewa asilimia 6.1, nikaambiwa nimesimama mlangoni pa kisukari. Nilipotundikiwa dripu za chuma na hemoglobini ikapanda, kipimo kilichofuata kilisoma 5.4, bila kuacha hata kijiko cha sukari. Nilifurahi, nakiri, lakini nilijiuliza ni wangapi wameanzishiwa dawa kwenye 6.1 yao.

Halafu kuna prednisoloni, dawa ya steroidi ya kuzima mchochota. Ukiimeza asubuhi, sukari hupanda mchana na jioni, hasa baada ya kula, na usiku hutelemka tena. Wewe unaamshwa utolewe damu saa moja asubuhi, hujala: jibu zuri kabisa. Mwizi hupita saa tisa alasiri na mlinzi ameshaenda zake. Anayetumia steroidi anapaswa kupimwa baada ya chakula cha mchana; kinatosha kile kimashine kidogo cha kidole, wala hakihitaji maabara kubwa.

Sasa zile hesabu ambazo makala imezisifia: kuzidisha trigliseridi kwa sukari ya kabla ya kula na kutafuta logi, kugawa trigliseridi kwa HDL, kugawa nyutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe za damu. Naelewa mvuto wake. Hazina gharama ya ziada, tarakimu zipo tayari kwenye karatasi, na mtafiti anaweza kuzikokotoa kwa maelfu ya wagonjwa bila kumchoma mtu sindano. Ila angalieni vinavyoingia ndani yake. Prednisoloni hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti. Azathioprini, dawa ya kupunguza kinga, hushusha limfosaiti. Mchochota hushusha HDL na kupandisha trigliseridi. Steroidi hupandisha sukari. Kila upande wa mstari wa kugawanya umeguswa na ugonjwa au na dawa yake, kisha jibu linaitwa hatari ya moyo! Inawezekana kabisa hesabu hizo zinatenganisha wagonjwa walio hoi na walio na nafuu, na walio hoi kweli wanaumia zaidi mishipa. Hiyo lakini ni habari niliyokuwa nayo tangu asubuhi, nilipohesabu safari za chooni.

Dawa mpya zimeongeza mzaha mwingine. Zile za kuzuia vimeng'enya vya JAK, vinavyopitisha amri za mchochota ndani ya seli, kama tofasitinibu, hupandisha LDL na HDL kwa pamoja ndani ya wiki chache. Sehemu ya kupanda huko huenda ni mwili kurudi ulikokuwa kabla ya kuugua. Wakati huohuo, mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kuhusu moyo na kuganda kwa damu kwa kundi hilo la dawa, baada ya utafiti wa wagonjwa wa baridi yabisi wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliokuwa na angalau kihatarishi kimoja cha moyo. Mgonjwa aliyepona utumbo, kolesteroli imepanda, na karatasi ya dawa ina onyo: huyo aulize wapi? Mtaalamu wa utumbo anamwambia hilo ni la daktari wa moyo. Daktari wa moyo anauliza kwanza kama kifua kinauma. Kikokotoo cha hatari kinachotumika Uingereza, QRISK3 cha mwaka 2017, kina kisanduku cha baridi yabisi, cha lupasi, hata cha steroidi. Utumbo hauna kisanduku.

Sitaki wasomaji wenye ugonjwa huu waogope kupita kiasi. Ongezeko la mshtuko wa moyo na kiharusi kwetu lipo, ila ni la wastani. Limeonekana zaidi kwa wanawake na vijana, na wakati ugonjwa umeamka. Kubwa zaidi ni damu kuganda kwenye vena, ambayo kwetu hutokea mara mbili hadi tatu zaidi ya watu wengine. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, usisubiri hesabu ya trigliseridi. Nenda siku hiyohiyo.

Jedwali lenu la viwango vya kawaida nimelikata nikalibandika ndani ya faili, na nimeongeza mistari yangu kwa kalamu. Kolesteroli isomwe baada ya utumbo kutulia miezi kadhaa, na irudiwe. Iangaliwe pia kolesteroli yote ukitoa HDL, ambayo haihitaji kufunga, au apolipoprotini B, protini inayobebwa na chembe za kolesteroli mbaya, pale inapopatikana. Lipoprotini (a), chembe ya mafuta inayofanana na LDL, ipimwe mara moja maishani, kwani kiasi chake hurithiwa zaidi kuliko kuletwa na chakula. Sukari ya miezi mitatu isisomwe bila hemoglobini pembeni. Na shinikizo la damu, ambalo halihitaji hata tone, limesahauliwa katika makala nzima, kama sigara ilivyosahauliwa. Mkilichapisha tena jedwali hilo, naomba muweke safu moja tu ya ziada: hali ya ugonjwa siku ya kipimo.

Mimi fomu zangu huziandika mwenyewe juu kabisa kwa kalamu nyekundu: UMELALA, au UMEAMKA. Mara ya mwisho kijana wa maabara alinirudishia akiuliza ni nani huyo aliyelala. Nilimweleza pale dirishani, foleni ikinisubiri nyuma, naye akaliingiza neno hilo kwenye kompyuta, kwenye nafasi ya maelezo, ambayo alisema hajawahi kuona mtu akiijaza.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mgonjwa wa Crohn