Barua kwa Hamisi: Heidenheim walivyobaki juu

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi, na nyumbani wote wasalimie. Umeniuliza timu iliyotoka daraja la pili Ujerumani inahitaji pointi ngapi ili isishuke, na kwa nini kila tukigusa habari hizo jina la klabu ya Heidenheim halinitoki mdomoni. Nianze na hesabu, maana bila hesabu yaliyobaki ni porojo za kijiweni.

Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, ina timu 18 na kila moja inacheza mechi 34. Wa 17 na wa 18 wanashuka moja kwa moja. Wa 16 anacheza mtoano, nyumbani na ugenini, na timu iliyoshika nafasi ya 3 daraja la pili. Mshindi ndiye anayebaki na kiti. Watu hupenda kutaja pointi 40, lakini hizo ni za kulala usingizi mnono. Msimu wa 2023/24 Mainz walibaki kwa pointi 35, Union Berlin kwa 33, na Bochum wenye 33 hizo hizo wakaangukia mtoano. Kilichowatenganisha ni tofauti ya mabao, ambayo kule huangaliwa kabla ya matokeo ya timu zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana bao la kufutia machozi ukiwa umeshapigwa 4 si la kudharauliwa. Union wenyewe waliponea siku ya mwisho dhidi ya Freiburg, dakika za lala salama: penalti ilikosa, Janik Haberer akauwahi mpira uliorudi na kuutia nyavuni, 2-1. Bila bao lile wangekuwa na 31, na mtoano ungekuwa wao.

Kwa hiyo timu mpya ipige hesabu ya pointi moja kwa kila mechi. Ushindi 8 na sare 10 zinatoa 34. Ukiitazama hivyo utaona sare ya ugenini si aibu hata kidogo.

Heidenheim ni mji wa watu kama 50,000 hivi, jimbo la Baden-Württemberg. Uwanja wao, Voith-Arena, uko mlimani karibu na ngome ya Hellenstein, mita 555 juu ya usawa wa bahari, na unaingiza watu 15,000, yaani kima cha chini kabisa ligi inachokubali. Kocha ni Frank Schmidt, mzaliwa wa hapo hapo. Aliichukua timu Septemba 2007 ikiwa ligi ya ngazi ya jimbo, akapanda nayo 2008, 2009, 2014, hadi ya mwisho 2023. Mwaka 2020 walifika mtoano na Werder Bremen wakatoka 0-0 na 2-2. Sheria ya bao la ugenini, kwamba jumla ikiwa sare anapita aliyefunga zaidi ugenini, ndiyo iliyowaangusha. Na hiyo 2023 walipanda kwa roho juu: Mei 28 huko Regensburg walikuwa nyuma 2-0, wakasawazisha kwa penalti dakika ya 93 na kufunga la tatu dakika ya 99, huku mashabiki wa Hamburg, wapinzani wao wa nafasi hiyo, wakiwa wameshavamia uwanja wa Sandhausen kushangilia kupanda kwao.

Msimu huo walipanda wawili moja kwa moja, Heidenheim na Darmstadt, kila mmoja ana pointi 67. Msimu uliofuata mmoja alimaliza wa 8 na mwingine akaburuza mkia. Hapo ndipo pa kutazama kwa makini.

Kwanza usajili. Heidenheim walimbakiza Tim Kleindienst, mfungaji bora wa daraja la pili kwa mabao 25. Darmstadt walimuuza mshambuliaji wao Phillip Tietz kwa Augsburg, wapinzani wao wenyewe katika vita ya kutoshuka. Timu inayopanda itanyimwa mpira katika mechi nyingi, kwa hiyo mtu wa mbele ndiye anayeamua kama mabeki watapumua au la. Kleindienst ana urefu wa mita 1.94. Anapokea mpira mrefu akiwa amelipa lango mgongo, anaukinga hadi wenzake wafike, na kwenye kona kichwa chake ndicho kinachotafutwa. Mpira ukipotea, yeye ndiye beki wa kwanza.

Kukabia juu huko, yaani kuwabana wapinzani karibu na lango lao, kuna hatari yake. Mshambuliaji akimfuata beki wa kati huku viungo wamebaki nyuma, katikati linafunguka pengo, na timu kubwa zinahitaji pasi mbili tu kulipita. Heidenheim walitoka wote au walirudi wote. Ukizitazama tena mechi za msimu ule, usifuate mpira. Angalia umbali kati ya Kleindienst na mabeki wake.

Pembeni yake waliongeza Eren Dinkçi kwa mkopo kutoka Werder, kijana mwenye mbio wa kukimbilia nyuma ya mabeki. Na mipira iliyokufa, yaani kona na mipira ya adhabu, ilikuwa ya Jan-Niklas Beste, mguu wa kushoto. Kona ya upande wa kulia akiipiga yeye, mpira unajikunja kuelekea golini, kipa anabanwa kwenye msitu wa watu; ya upande wa kushoto unajikunja kuelekea nje, na wanaokuja kwa kasi ndio wanaoupata. Kwa timu yenye nafasi chache, hayo ni mabao ya bei nafuu.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Wolfsburg waliwafunga 2-0. Nyumbani na Hoffenheim wakaongoza 2-0, wakapoteza 3-2. Hapo timu nyingi mpya huvunjika moyo na kocha huanza kubomoa kila kitu. Schmidt hakubomoa. Septemba 1 wakiwa Dortmund walifungwa mawili ndani ya robo saa, wakayarudisha: Dinkçi, kisha Kleindienst kwa penalti dakika ya 82. Ushindi wa kwanza ukaja Septemba 17, 4-2, na waliopigwa ni Werder wale wale wa 2020.

Sasa jambo ambalo wengi hawalioni. Stuttgart walimaliza wa 2. Heidenheim waliwafunga 2-0 Novemba na kutoka nao 3-3 kwao. Bayern walimaliza wa 3. Aprili 6, 2024 walikuwa wakiongoza 2-0 pale Voith-Arena, Kevin Sessa wa Heidenheim akafunga dakika ya 50, Kleindienst ya 51, na Kleindienst tena ya 79. Dortmund, wa 5, walitoa sare zote mbili. Hizo ni pointi 9 kutoka kwa wakubwa watatu, pointi ambazo hakuna anayezitia kwenye bajeti. Leverkusen, mabingwa, na Leipzig, wa 4, ndio hawakuwaachia kitu.

Darmstadt nao walikuwa na siku zao. Waliongoza 3-0 nyumbani dhidi ya Gladbach, ikaisha 3-3. Huko Bayern, Oktoba 28, kipindi cha kwanza kiliisha 0-0 kukiwa na kadi nyekundu tatu, mbili zikiwa zao. Wakabaki 9 dhidi ya 10, na kipindi cha pili wakala 8. Ukiwa pungufu namna ile mbele ya Bayern, kilichobaki ni kujazana kwenye kumi na nane na kupoteza muda. Kila ukitoka unaacha uwanja mtupu, na Harry Kane alifunga moja akiwa nusu yake mwenyewe ya uwanja. Tangu ushindi wao dhidi ya Augsburg Oktoba 21 hawakushinda tena hadi Aprili 20. Walimaliza na pointi 17, wamefungwa mabao 86.

Heidenheim: ushindi 10, sare 12, vipigo 12, mabao 50 kwa 55, pointi 42. Siku ya mwisho wakawapiga Köln 4-1 na kuwashusha daraja. Leverkusen walipochukua na Kombe la Ujerumani, nafasi za Ulaya zikasogea chini, na wa 8 akapata Conference League, mashindano ya ngazi ya tatu ya klabu za Ulaya.

Lakini bili ilifika haraka. Kleindienst alifunga 12, Dinkçi 10, Beste 8. Jumla 30 kati ya 50. Kiangazi kile wote watatu waliondoka: Kleindienst kwenda Gladbach, Beste Benfica, Dinkçi Freiburg. Msimu wa pili ukaanza kwa ushindi wa mechi mbili na uongozi wa ligi, kisha zikaja safari za Alhamisi za Ulaya na mechi za Jumapili kwa kikosi kile kile chembamba. Mabao yakashuka hadi 37, pointi 29, nafasi ya 16.

Mtoano wa Mei 2025 ukawakutanisha na Elversberg, mji mdogo kuliko hata wao. Nyumbani walikuwa nyuma 2-0, wakachomoa zote mbili. Marudiano yalikuwa 1-1 hadi dakika ya 95, Léo Scienza wa Heidenheim akafunga, wakabaki.

Ukipata picha za mechi ya Bayern ya Aprili, zitazame kuanzia mapumziko, kisha uniandikie uliona nini kwenye yale mabao mawili ya dakika ya 50 na 51.

Ni mimi ndugu yako,
Salum