Sungura wako atalala wapi ukiwa safarini?

Katika hadithi tulizosimuliwa utotoni, sungura ndiye mjanja. Humzidi akili fisi, humtumbukiza simba kisimani, kisha huondoka akicheka. Sungura tunaowapokea hapa kwetu, kuwatunza wakati wenyewe wako safarini, hawana ujanja wote huo. Wanao mmoja tu, nao ndio unaotunyima usingizi: wanajua kuficha maradhi. Mnyama anayewindwa na kila mwenye kucha na mdomo hathubutu kujionyesha mnyonge, kwa hiyo anapoumwa hujikunyata pembeni, macho nusu, kimya. Asiyemfahamu humtazama na kusema, "Jamani, huyu mpole kweli."

Likizo zikikaribia simu zetu hujaa swali moja: mna nafasi? Si swali baya, ila lingengoja kidogo. La kwanza ambalo tungependa utuulize, sisi au mtu mwingine yeyote unayefikiria kumwachia sungura wako, ni hili: nani atakuwa akiangalia kinyesi chake, na mara ngapi kwa siku?

Cheka kwanza, kisha tuendelee.

Utumbo wa sungura umeumbwa kufanya kazi mchana na usiku bila kupumzika. Sehemu kubwa ya mlo wake ni nyasi, na nyuzinyuzi za nyasi hizo ndizo zinazousukuma utumbo uende. Kutapika hawezi. Siku akiacha kula, iwe kwa hofu, kwa jino linalomchoma, kwa joto, au kwa sababu tu amewekewa maji kwenye chupa ilhali nyumbani amezoea bakuli, utumbo hupunguza mwendo. Gesi hujaa, tumbo linauma, na kwa kuwa linauma anazidi kukataa chakula. Hali hiyo ikishaanza haijitibu. Sungura ambaye hajala wala kunya kwa saa 12 mfululizo ni mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari wakati huohuo, si wa kuonewa huruma na kungojwa mpaka kesho.

Sasa tupige hesabu. Umemwomba jirani apite mara moja kwa siku. Anakuja saa 2 asubuhi, anajaza bakuli, anambembeleza kidogo, anafunga mlango. Tuseme sungura anaacha kula saa 4 asubuhi hiyohiyo. Mpaka jirani arudi kesho yake saa 2, zimeshapita saa 22. Na jirani hana kosa lolote, kwani ametimiza kila alichoombwa. Pengine hata hatashtuka akikuta bakuli bado lina chakula. Atafikiri jana aliweka kingi.

Ndiyo maana sisi tunaangalia asubuhi na jioni, na tunapofagia trei hatutupi kabla ya kutazama. Kinyesi cha sungura mzima ni vidonge vya mviringo, vikubwa kama njegere, vikavu, na ukikifikicha kimoja unaona ni nyasi zilizosagwa. Vikianza kuwa vidogo, vyeusi, vyenye maumbo ya ajabu, au vikiwa vimeungana kwa manyoya kama shanga kwenye uzi, tunajua kuna jambo linakuja hata kama mwenyewe bado anaruka. Vikikosekana kabisa, hakuna mjadala tena, ni daktari. Kuna pia kinyesi cha pili, laini, kinachong'aa, kilichoshikana kama kichala kidogo cha zabibu. Hicho sungura hukila mwenyewe moja kwa moja kinapotoka, kwa sababu ndani yake mna vitamini na protini anazozihitaji, kwa hiyo kwa kawaida hutakiona. Tukikikuta kimelala chini tunajiuliza: amenenepa mno hawezi kujifikia? Mgongo unamuuma? Anapewa vyakula vya punje vingi kuliko nyasi? Mkojo nao tunautazama, ingawa huo unadanganya. Mara nyingi rangi ya chungwa au nyekundu hutokana na majani aliyokula wala si damu, na wateja wameshatupigia simu wakilia kwa ajili hiyo.

Kila banda lina karatasi yake: nyasi, maji, kinyesi, mkojo, uzito, na jina la aliyeangalia. Ukienda kukagua mahali popote, omba uonyeshwe karatasi ya mgeni aliyeondoka wiki iliyopita, jina la mwenyewe likiwa limefunikwa. Wenye nayo wataitoa mara moja. Wasio nayo watakuonyesha mapazia.

Mapazia ni habari nyingine. Picha nzuri za vibanda vilivyopakwa rangi zinauza sana, nasi hatusemi banda liwe baya. Lakini piga magoti uangalie sakafu. Sungura hana vifundo vya ngozi chini ya nyayo kama paka. Ana manyoya tu. Ukimsimamisha siku 10 juu ya sakafu ya waya, visigino vitachubuka na huenda vikawa vidonda. Sakafu iwe imara na iwe na matandiko. Nafasi je? Shirika la Rabbit Welfare Association & Fund la Uingereza linapendekeza sungura wawili wapate eneo lisilopungua mita 3 kwa mita 2, na kimo cha mita 1. Si kila mahali patafika hapo, lakini sungura aweze angalau kuruka hatua kadhaa, kujinyoosha akilala na kusimama kwa miguu ya nyuma masikio yasiguse dari, na awe na sanduku au pango la kujificha lenye milango miwili. Pango la mlango mmoja kwake ni mtego. Shika waya uutikise. Ule mwembamba wa kuzuilia kuku hautamzuia mbwa aliyedhamiria.

Nimetaja mbwa. Mwaka wetu wa kwanza tulikuwa tukipokea mbwa pia, jengo moja, ukuta katikati. Ukuta ulikuwa mnene na tukajidanganya kwamba unatosha. Akaja sungura mmoja mweupe, mkubwa, wa kukaa siku nne. Usiku kucha alikuwa akipiga mguu chini, du, du, du, ile ishara yao ya hatari, na asubuhi nyasi zake zilikuwa vilevile tulivyoziweka. Hakuwa amemwona mbwa hata mmoja. Alikuwa amewanusa na kuwasikia, na hilo lilitosha. Daktari aliwahi, akapona. Mbwa hatukupokea tena, ingawa kusema kweli ndio waliokuwa wakituingizia fedha. Kwa hiyo ukisikia mahali panapokea "wanyama wote", usiridhike na jibu kwamba vyumba ni tofauti. Simama kwenye chumba cha sungura dakika 5, nyamaza, usikilize.

Maradhi ya kuambukiza tunayachukulia kwa uzito wa pekee, na hapa ndipo tunapokosana na baadhi ya wateja. Ugonjwa wa sungura wa kutokwa na damu ndani kwa ndani ulijulikana mara ya kwanza China mwaka 1984, kisha aina ya pili ya kirusi chake ikagunduliwa Ufaransa mwaka 2010. Unaweza kuua sungura aliyeonekana mzima jioni. Kirusi chenyewe huvumilia miezi nje ya mwili, na husafiri kwa viatu, nguo, hata nyasi. Miksomatosi, ugonjwa mwingine wa sungura unaosababishwa na kirusi, nao huenezwa na mbu na viroboto, hivyo sungura asiyetoka ndani kamwe bado anaweza kuupata. Pale ambapo chanjo zinapatikana, tunataka cheti. Na chanjo iliyochomwa jana haisaidii leo. Baadhi huhitaji hadi wiki 3 kabla ya kinga kukamilika, kwa hiyo usingoje siku ya kufunga mizigo. Tumewahi kumrudisha mteja mlangoni na begi lake. Alikasirika, naye alikuwa na haki ya kukasirika, lakini ndani kulikuwa na sungura 9 wa watu wengine.

Hata pasipo magonjwa hayo mawili, kuna utitiri wa masikio, kuna mafua ya bakteria yanayowaacha na pua inayotiririka na miguu ya mbele iliyolowa kwa kujipangusa. Uliza jinsi banda linavyosafishwa kati ya mgeni na mgeni, na uangalie kama majirani wanaweza kugusana pua. Wasiweze.

Jambo la jinsia tungelipita haraka kama lisingetuletea visa. Majike hawana msimu. Yai hupevuka kwa kupandwa kwenyewe, mimba huchukua siku 31 hivi, na kitendo chote ni cha sekunde chache. Dume aliyehasiwa anaweza kubaki na uwezo wa kuzalisha kwa hadi wiki 6 baada ya upasuaji. Ndiyo maana hatuchanganyi kamwe sungura wa familia mbili, hata ukituapia kwamba wako ni jike. Waliotuapia hivyo ni wengi. Tukigeuza na kuangalia, mmoja kati yao alikuwa baba mtarajiwa. Kinyume chake, wawili waliozoeana nyumbani hatuwatenganishi. Hata mmoja tu akiwa na miadi ya daktari, tunawapeleka wote wawili. Ukiwatenganisha wiki moja wanaweza kurudi wakipigana kama hawajawahi kuonana.

Siku ya kumleta tunampima uzito mbele yako. Tunatazama meno, maana huota maisha yake yote na kidevu kilicholowa mate huashiria kwamba hayasagiki sawa. Tunageuza pia sehemu za nyuma. Nzi hutaga kwenye manyoya machafu, na mayai yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja, kwa hiyo sungura mzee au mnene aliyechafuka nyuma hukaguliwa nasi mara mbili kwa siku na kusafishwa.

Njoo na chakula chake mwenyewe, cha siku zote utakazokuwa mbali na mbili za ziada. Kubadilishiwa chakula ghafla, siku ileile anayobadilishiwa nyumba, ni kumwonea. Njoo pia na trei yake ya haja ikiwa na nyasi kidogo alizokwisha kuzikojolea, na kitambaa anacholalia. Tafadhali usikifue! Wateja wengi kwa heshima hutuletea kitambaa kinachonukia sabuni, na sungura anakinusa kama vile ni cha adui. Tuambie na kile anachokipenda kupita vyote, hata kama ni kipande cha tufaha ambacho kwa kawaida tungekupigia kelele. Hicho ni kipimo chetu: akikikataa, hatungoji saa 12 ziishe.

Utasaini karatasi moja ambayo wengine huiona ya kiburi. Inasema daktari gani tumpeleke, tumtibu hadi gharama gani bila kukuuliza, na nani aamue ukiwa kwenye ndege. Tukose karatasi hiyo, usiku wa manane tutakuwa tunapiga simu isiyopatikana huku saa zikienda. Daktari mwenyewe awe anayewajua sungura, kwa sababu si kila dawa ya paka au mbwa inawafaa. Dawa za jamii ya penisilini zikinyweshwa kwa mdomo zinaweza kuvuruga bakteria wa utumbo na kumuua. Fipronili, iliyomo katika dawa nyingi za viroboto vya mbwa, ni sumu kwao. Mhudumu akikuambia usiwe na wasiwasi, viroboto atavipulizia dawa ya mbwa, chukua sungura wako uondoke, hata kama umeshalipa.

Kuhusu joto, kwa kifupi: sungura hatoi jasho, hupoza mwili zaidi kwa masikio, na kuanzia nyuzi 30 hali huwa ya hatari. Uliza chumba hufika nyuzi ngapi saa 8 mchana, si asubuhi ulipokwenda kukagua.

Wapo tunaowaambia wasituletee. Sungura mzee sana, aliyetoka kuugua, au mwenye woga wa kupindukia mara nyingi huwa salama zaidi nyumbani kwake, akipata mtu wa kumwendea asubuhi na jioni, mtu tuliyemfundisha kusoma trei. Mafunzo hayo huchukua saa moja. Kwa wengine tunashauri usiku mmoja wa majaribio, wiki kadhaa kabla ya safari, wakati bado uko mjini na simu yako inapatikana. Akila usiku huo, atakula na mwingine.

Ukirudi, usishangae akikupa mgongo siku nzima. Wengine hufanya hivyo, wengine hukuzunguka miguuni kama kichaa. Mweke kwenye banda lake lililokuwa vilevile ulivyoliacha, mpe nyasi na maji, umwache. Mabegi yatasubiri. Usiku, kabla hujalala, inama uangalie trei.