Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa BASATA: mhariri wa video naye aitwe jukwaani

Kwa Katibu Mtendaji,
Baraza la Sanaa la Taifa,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA KIPENGELE CHA MHARIRI BORA WA VIDEO YA MUZIKI

Ndugu Katibu Mtendaji,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mhariri wa video za muziki hapa Dar es Salaam, mwaka wa tisa sasa. Ninaomba Tuzo za Muziki Tanzania ziwe na kipengele cha mtu aliyekaa na picha usiku kucha mpaka zikawa video.

Miaka michache iliyopita nilikuwa sebuleni na mke wangu, tunaangalia hafla moja ya tuzo kwenye televisheni. Video niliyoikata, yaani niliyoihariri, mimi ikashinda. Akapanda msanii, akapanda meneja, akapanda dairekta. Wakashukuru Mungu, wazazi, mashabiki, mpiga picha na aliyewavalisha. Mke wangu, aliyekuwa akiniletea chai saa tisa za usiku wakati wa kazi ile, akanigeukia na kuniuliza, "Na wewe?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Video yenyewe ilipangiwa siku mbili za shuti. Siku ya pili mvua ikanyesha tangu alfajiri, pesa ya lokesheni ikapotea, na mimi nikaletewa diski isiyo na ubeti wa pili. Ikabidi niingie kwenye makapi, yaani zile sekunde kamera inapokuwa imewaka kabla dairekta hajasema waanze. Huko nikamkuta msanii amekaa kwenye ngazi, anafunga kamba za viatu, hajui kama anachukuliwa. Amechoka. Anainua uso, anamtazama mtu asiyeonekana, anainama tena. Nikaiweka picha hiyo pale ngoma inaponyamaza, sekunde mbili na nusu tu. Watu wakaisimulia kuliko magari na nguo zote za video ile, wakisema dairekta ni mkali. Na kweli ni mkali, ninamheshimu sana. Ila picha ile hakuipanga yeye.

Naomba univumilie kidogo kwenye hesabu, maana ndiko ufundi wetu unakojificha. Tuchukue video ya fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 zilizoganda zinazopita mfululizo. Wimbo ukiwa na mapigo 100 kwa dakika, kila pigo linabeba fremu 15 kamili, na mikato, yaani pale picha moja inapoipisha nyingine, inakaa yenyewe. Ukiwa na mapigo 120, pigo moja ni fremu 12 na nusu, na nusu fremu haipo duniani. Kila mkato lazima uamue uwahi kidogo au uchelewe kidogo, na uamuzi huo unaufanya kwa sikio, mara mia na zaidi katika wimbo mmoja. Ukikosea, mtazamaji hatajua kosa liko wapi. Ataona tu video nzito, atafungua nyingine.

Singeli ndiyo inayotutoa jasho hasa. Kwenye mapigo 240 kwa dakika, pigo ni fremu sita na robo. Ukikata kila pigo, unamuumiza mtu macho. Ukipunguza kasi, unauua wimbo uliozaliwa kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku kucha za uswahilini, na kasi ndiyo roho yake. Mimi humwacha mchezaji ndani ya picha moja kwa mapigo 16, aonekane kiuno, miguu na vumbi, kisha mikato minne mfululizo pale DJ anaporudisha. Tuzo zetu zinaitambua Singeli kama muziki, na ninashukuru kwa hilo. Anayeipa Singeli macho naye ni fundi wa muziki huohuo.

Baraza lako liliundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984. Septemba ya mwaka huohuo, kule New York, MTV, televisheni ya muziki ya Marekani, ilitoa tuzo zake za video kwa mara ya kwanza, na uhariri ulikuwa na kipengele chake tangu siku hiyo. Ilishinda "Rockit" ya mpiga kinanda Herbie Hancock, video ya masanamu yanayokwenda mbele na kurudi nyuma kwa kushtuka, picha zikifuata mkono wa DJ anayekwaruza santuri. Ondoa uhariri pale, unabaki na masanamu ndani ya nyumba. Sisi tuna tuzo tangu 1999, zikanyamaza, zikarudi mwaka 2022. Video zimetuzwa, waongozaji wametuzwa, na ninawapigia makofi. Jina la mhariri sijawahi kulisikia likisomwa.

Najua nitaambiwa kwamba hapa kwetu dairekta wengi wanakata kazi zao wenyewe. Ni kweli, na wengine wanakata vizuri kuliko mimi. Basi wachukue tuzo hiyo kama wahariri, kwa kazi waliyoifanya kwenye kompyuta. Fomu ya kuwasilisha video iwe na mstari wa jina la mhariri, na usipojazwa, video isipokelewe. Kati ya majaji wawepo wawili watatu waliowahi kukata video wenyewe. Hata mwaka kipengele kikikosa mdhamini, mstari ule wa fomu usiondolewe. Kwangu una thamani kuliko sanamu la kuweka kabatini, kwa sababu leo bei yetu inapatanwa kwa ujumbe wa simu usiku, na haipandi, maana hakuna kumbukumbu popote ya nani alikata nini.

Ninaye binti ninayemfundisha kazi. Alianza kwa kukata video za harusi kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na sikio lake ni la ajabu, anasikia mkato uliochelewa fremu moja. Wiki iliyopita aliniuliza kama akikazana atafika wapi. Nikamtajia madaraja ya dairekta, mpiga picha na mtayarishaji. Akasema, "Mimi nimeuliza ya mhariri."

Ndugu Katibu Mtendaji, nipe dakika 20 ofisini kwako. Nitakuja na laptopu na diski ya ile kazi ya mvua. Nitakuwekea kwanza picha zote kama zilivyotoka kwenye kamera, halafu video iliyoshinda, na binti huyu atakuwepo kukuonyesha mkato mmoja baada ya mwingine.

Wako katika sanaa,
Mhariri wa video,
Mabibo, Dar es Salaam.