Aksanti kwa Papa aliyenipa beringi pale Birere

Papa, mzee wangu, ulinikuta Birere, mtaa wa hapa Goma, Jumanne asubuhi nimekaa chini kando ya chukudu, kigari changu cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, mifuko ya viazi vya Kibumba bado iko juu. Jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma mpaka leo. Gurudumu la mbele lilikuwa limekwama, beringi imepasuka, gololi zimetawanyika kwenye mawe meusi ya volkano. Dukani walinitajia bei ya beringi iliyo sawa na mapato yangu ya siku tatu nzima. Wewe ukatoa beringi kuukuu ya pikipiki, ukaipaka mafuta, ukaigonga polepole kwa kipande cha mti ili mbao ya gurudumu isipasuke. Ukanielekeza hata kwa fundi anayeuza zilizotumika kwa bei nafuu. Pesa ulikataa. Viazi vilifika sokoni kabla ya saa sita. Aksanti sana, Papa. Ukiniona njiani niite, mzigo wako nitaubeba.