Presha ya mapafu: ripoti ya eko isiishie kwenye presha

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na madaktari, wapimaji wenzetu wa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) hapa Mombasa, na wagonjwa wenyewe. Bado hutolewa ripoti zinazotaja presha ya mapafu, yaani ya damu kwenye mishipa ya mapafu, peke yake, bila neno juu ya nguvu za upande wa kulia wa moyo. Na upande huo ndio unaobeba mzigo wote.

Presha hiyo kwenye eko hukokotolewa. Mashine husoma kasi ya damu inayovuja kurudi nyuma kwenye vali ya trikuspidi, iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini vya kulia. Kasi huzidishwa kwa yenyewe, kisha mara 4, halafu huongezwa presha ya chumba cha juu cha kulia. Mgonjwa mwenye kasi ya mita 3.5 kwa sekunde anapata milimita 49 za zebaki. Ongeza 8 ya chumba hicho, ni 57. Tuseme anarudi baadaye na kasi ya 2.9. Hiyo ni 34. Mshipa mkuu wa tumboni unaorudisha damu kwenye chumba hicho umetanuka na haunywei anapovuta pumzi kwa pua, kwa hiyo sasa unakiongezea 15: jumla 49. Jamaa zake watashukuru kwamba presha imeshuka. Kumbe huenda imeshuka kwa kuwa moyo umechoka kusukuma.

Kipimo cha TAPSE, yaani mwendo wa pete ya vali ya trikuspidi, hulifichua hilo, na hakichukui hata dakika mbili. Mgonjwa alale ubavu wa kushoto. Pata picha ya vyumba vinne kutoka kwenye ncha ya moyo, weka mstari wa kupimia juu ya pete ya vali ya trikuspidi upande wa nje, usome inasogea milimita ngapi moyo unapojikaza. Chini ya 17 si salama. Mgonjwa wa mfano wetu akiwa ametoka 19 hadi 12, gawanya kwa presha: 0.33 imekuwa 0.24, na hata chini ya 0.55 tayari ni ya kutilia shaka. Huyo hajapata nafuu hata kidogo.

Lakini TAPSE nayo hudanganya. Mstari ukikaa mshazari na mwendo wa pete, hutoka ndogo kuliko ilivyo. Kwa waliopasuliwa moyo, wakiwemo wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, hushuka hata kama chumba kinafanya kazi vizuri. Vali ikivuja sana, hupendeza bure. Ndiyo maana tunasisitiza kupima pia eneo la chumba cha chini cha kulia, kikiwa kimejaa na kikiwa kimejikaza. Kikitoka sentimita za mraba 24 hadi 18, kimepungua asilimia 25. Kinatakiwa kifike 35. Sogeza kichwa cha mashine kuelekea kwapani kidogo ili ukuta wa nje usikatwe kwenye picha, maana ukikatwa hesabu yote ni ya kubahatisha.

Eko haithibitishi ugonjwa wa presha ya mapafu. Uthibitisho ni mpira mwembamba unaopitishwa mshipani hadi moyoni, na wastani wa presha ukizidi milimita 20 za zebaki.

Daktari, unapoandika fomu ya eko, taja kwamba unataka TAPSE na eneo la chumba cha kulia. Na wewe mgonjwa, uwe watoka Likoni au Kisauni, njoo na ripoti zako zote za zamani, hata zile za hospitali nyingine.

Wapimaji wa eko,
Mombasa