Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wenzetu Wapya na Namna Tunavyowapokea

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa ya mwaka kabla ya mkutano mkuu. Nitaanza na jambo lililotuchukulia muda mwingi kuliko mengine yote na ambalo, sitaficha, lilinitia aibu: mapokezi ya maprofesa na wahadhiri wapya. Hesabu za fedha ameziandaa mweka hazina, zimekaguliwa, na mtazikuta kwenye makabrasha ya mkutano. Sina la kuongeza juu yake isipokuwa shukrani.

Mwaka huu chuo kimeajiri wenzetu saba. Wawili ni maprofesa kamili, mmoja ni profesa mshiriki, na wanne ni wahadhiri, mmoja wao akiwa mwandamizi. Wote saba wamejiunga na chama.

Siku ya kuwatambulisha tuliiandaa kwa juhudi zote. Ukumbi ulipambwa, vipaza sauti vikajaribiwa, nami nikakabidhiwa karatasi saba za wasifu nizisome. Nikasoma. Shahada ya kwanza kaichukua wapi, uzamili wapi, uzamivu wapi, makala ngapi, tuzo gani, kamati zipi. Kufika wa nne nikainua macho, nikaona safu nzima ya nyuma imeinamia simu. Kufika wa tano nikamwita "Profesa" mhadhiri mwandamizi ambaye, kama nilivyokuja kujua baadaye, alihama chuo alichotoka kwa sababu maombi yake ya kupanda cheo yalikataliwa. Alitabasamu kidogo, akatazama chini. Aliyekaa kando yake hakutabasamu kabisa, maana huyo ndiye profesa, na mimi dakika tatu kabla nilikuwa nimemwita "Daktari". Nimewaomba radhi ana kwa ana, na hapa narudia mbele yenu nyote.

Nilipokwenda nyumbani nilijifariji kwa kisa cha Schiller, mshairi na mtunzi wa tamthilia wa Ujerumani. Alitoa mhadhara wake wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Jena tarehe 26 Mei 1789. Chumba alichopangiwa kilitosha watu themanini hivi. Watu wakafurika hadi kwenye ngazi, ikabidi umati mzima uhamie kwenye ukumbi mkubwa wa mtaa mwingine, wanafunzi wakitimua mbio kuwahi viti hata wenyeji wakadhani kuna nyumba inaungua. Mapokezi gani tena yanayozidi hayo? Lakini alipouchapisha mhadhara ule alijiandika kuwa profesa wa historia, ilhali uteuzi wake ulimtaja kama profesa wa falsafa, na profesa wa historia aliyekuwapo pale akaja juu. Kwa hiyo sikuwa wa kwanza kuvuruga vyeo. Ila Schiller alivuruga cha kwake mwenyewe. Mimi nilivuruga vya wageni.

Tatizo hili lina sababu zake, na ni vizuri kamati ijayo izijue. Neno "profesa" halina uzito mmoja kila mahali. Marekani mtu anaanza kuitwa profesa tangu ajira yake ya kwanza kwenye njia ya kuelekea ajira ya kudumu, kisha anapanda ngazi akiwa na jina hilo hilo. Uingereza kwa muda mrefu jina hilo limewekewa walio juu kabisa, na mwalimu mzuri anaweza kustaafu akiwa mhadhiri mwandamizi bila mtu kushangaa. Ujerumani ilianzisha mwaka 2002 cheo cha profesa kijana, chenye muda maalumu, ili watu wasizeeke wakisubiri kiti, yaani nafasi ya uprofesa kamili. Kati ya wenzetu saba, watatu wametoka kwenye mifumo tofauti na wetu. Kumbe njia ya kuepuka aibu ni nyepesi: muulize mtu mwenyewe aitweje, tena uulize kabla ya siku yenyewe.

Lililonisumbua zaidi, hata hivyo, si vyeo. Wiki mbili baada ya sherehe nilikaa kwenye mkahawa wa chuo na wenzangu sita, wote walikuwapo ukumbini siku ile. Nikawauliza: yule profesa mpya wa uhandisi anashughulika na nini? Kimya. Mmoja akakumbuka kwamba ana makala nyingi. Mwingine akakumbuka namba ya h. Nawaambieni ukweli, namba hiyo niliisoma mwenyewe, kama mtu anayetangaza urefu wa mchezaji wa mpira wa kikapu. Kipimo hicho kilibuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: ukiwa na makala kumi ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara kumi, na huna ya kukufikisha kumi na moja, h yako ni kumi. Ni hesabu nzuri kwa kazi yake. Lakini wanahisabati hunukuliana kidogo na watu wa tiba hunukuliana sana, kwa hiyo kumsomea mmoja baada ya mwingine mbele ya ukumbi ni kuwapima samaki na ndege kwa mzani mmoja. Na juu ya yote, namba haisemi mtu anatafuta nini.

Hapo ndipo kamati ya utendaji ilipokubaliana kwamba tulikuwa tumewaonyesha watu saba bila kuwatambulisha. Neno lenyewe profesa linatokana na Kilatini, lenye maana ya kutamka jambo hadharani. Profesa hujulikana kwa kusikika. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwanasayansi Marie Curie. Mumewe, Pierre, alifariki Aprili 1906 kwa kugongwa na mkokoteni wa farasi katika mtaa wa Paris, na chuo cha Sorbonne kikampa yeye kozi ya marehemu aiendeleze. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kufundisha pale. Tarehe 5 Novemba 1906 ukumbi ulijaa wanafunzi, waandishi wa habari na watu wenye majina, wengine bila shaka wamekuja kuangalia kama mjane atalia. Desturi ilimtaka mgeni amsifu aliyemtangulia na kutoa shukrani kwa wakubwa. Yeye aliingia, akasimama, akaanza kueleza fizikia pale pale mumewe alipokuwa ameishia. Basi. Uprofesa kamili kwa barua alikuja kuupata mwaka 1908, lakini sidhani kama kuna aliyetoka ukumbini siku ile akiuliza huyu mama ni nani.

Tukaamua kuanza upya. Kila Jumatano ya mwisho wa mwezi, saa saba mchana, mwenzetu mmoja mpya alipewa ubao, chaki na dakika kumi na tano aeleze swali moja linalomnyima usingizi. Slaidi zilikatazwa, na wasifu haukusomwa. Mwenyekiti hakupewa kipaza sauti, jambo ambalo wengi mlilishangilia kwa sauti niliyoisikia.

Profesa wa uhandisi alikuwa wa kwanza. Alikuja na beseni la plastiki lililojaa mchanga, chupa ya maji, na tofali dogo la kuchezea watoto. Akamimina maji taratibu mpaka mchanga ukalowa wote, akausawazisha kwa kiganja, akasimamisha tofali juu yake. Lilisimama imara, alilibonyeza kwa kidole, halikutikisika. Kisha akaanza kugonga ubavu wa beseni kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Maji yakachomoza juu ya mchanga. Tofali likainama upande mmoja, likaanza kuzama. Hakuna aliyepumua. Akaeleza kwamba mtikisiko unazifanya chembe za mchanga zitake kujibana, maji yaliyo katikati hayapati pa kukimbilia kwa haraka, shinikizo lake linapanda, na chembe zinaacha kushikana. Kwa muda mfupi ardhi inakuwa uji. Huko Niigata, Japani, katika tetemeko la mwaka 1964, majengo ya ghorofa yalilala ubavu namna hiyo, mengine kuta zake zikiwa nzima. Swali lake ni hili: utajuaje, kabla ya kujenga, ni mchanga upi utakaokusaliti?

Dakika kumi na tano ziligeuka saa nzima na nusu. Mwalimu wa isimu alitaka kujua kwa nini mchanga unakuwa mgumu tena baadaye. Mkutubi alisimama nyuma akauliza, kwa uso usio na mzaha, kuhusu rafu za vitabu za ghorofa ya chini. Na siku hizi nikimuuliza mtu yeyote wa kitivo chochote kuhusu profesa yule, ananiambia: "Yule wa beseni." Hayo ndiyo mapokezi niliyokuwa nayataka.

Si Jumatano zote zilifana hivyo. Ya nne ilihudhuriwa na watu watano kwa kuwa ilianguka wiki ya mitihani, kosa la ofisi yangu. Mzungumzaji alilichukulia vizuri. Alitukumbusha kwamba Newton, aliyepewa kiti cha hisabati cha Lucas huko Cambridge mwaka 1669 akiwa na miaka 26, alisimuliwa na katibu wake kuwa wasikilizaji walikuwa haba kiasi kwamba wakati mwingine alikuwa kama anazisomea kuta. Hata hivyo tumempangia siku nyingine.

Sasa niingie kwenye yale yasiyo na furaha. Kumtambulisha mtu ukumbini ni rahisi kuliko kumtambulisha kwenye makaratasi. Ratiba ya muhula wa kwanza ilitoka huku kozi tatu za wenzetu wapya zikiwa bado na majina ya waliostaafu. Wanafunzi walikwenda kumtafuta mtu ambaye hayupo, na aliyepo akakaa darasani na watu wanane. Niliposema hili ni jambo zito, ofisa mmoja aliniambia ni jina tu. Nilimjibu kwa habari za Emmy Noether, mwanahisabati wa Ujerumani. Alialikwa Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka 1915 na wanahisabati wakubwa, Hilbert na Klein, lakini wakubwa wengine walikataa apewe kibali cha kufundisha kwa kuwa ni mwanamke. Kwa miaka kadhaa mihadhara yake ilitangazwa kwa jina la Hilbert, yeye akitajwa kama msaidizi. Katika kipindi hicho hicho, mwaka 1918, alichapisha nadharia ambayo fizikia ya leo imesimama juu yake. Kibali alikipata mwaka 1919. Sisi hatukuwa na ubaguzi. Tulikuwa na uzembe tu wa kutofuta jina la zamani. Kwa mwanafunzi anayesoma ratiba, matokeo ni yale yale. Ratiba imerekebishwa, na mkuu wa kila idara ameahidi kuikagua kabla haijabandikwa.

La pili ni ofisi. Wawili walikaa wiki sita bila chumba. Mmoja aliyepewa chumba alikikuta na koti la mtangulizi wake nyuma ya mlango, kikombe chenye masalia ya chai, na maboksi ya karatasi za mitihani hadi usawa wa dirisha. Kwa muda wa mwezi mmoja aliwapokea wanafunzi wake akiwa amekaa juu ya boksi.

La tatu, na ndilo tutakaloendelea kulibana, ni kipindi cha majaribio. Barua za ajira za wahadhiri wanne zinasema watathibitishwa "baada ya tathmini ya kuridhisha". Tathmini ya nani, lini, kwa vigezo gani? Hazisemi. Pendekezo la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu walimu wa elimu ya juu linaeleza wazi kwamba majaribio ni wakati wa kumsaidia na kumtia moyo anayeanza, kwamba muda wake ujulikane mapema, na kwamba masharti ya kufaulu yafungamane na uwezo wa kitaaluma. Huko Marekani, chama cha maprofesa na umoja wa vyuo walikubaliana tangu mwaka 1940 kwamba majaribio yasizidi miaka saba. Miaka saba kwangu ni mingi, lakini angalau inahesabika. Mwanafalsafa Kant alifundisha Chuo Kikuu cha Königsberg kwa miaka kumi na mitano, 1755 hadi 1770, akiishi zaidi kwa karo za waliohudhuria, ndipo akapata kiti. Simwombei mwenzetu yeyote subira ya namna hiyo. Tumeuandikia uongozi barua mbili. Ya kwanza haikujibiwa, ya pili imetupatia ahadi ya kikao. Nakala zote mbili ziko kwa katibu.

Wakati tukisubiri, kila mwenzetu mpya amepewa mlezi kutoka idara nyingine, kwa makusudi, ili aweze kuuliza maswali ya kijinga bila kuhofia kwamba anayemjibu ndiye atakayemtathmini. Walezi watano wanafanya kazi nzuri. Wawili hawajaonana na walezwa wao tangu siku ya kwanza. Wanajijua, nami nitawapigia simu baada ya mkutano.

Uchaguzi utafanyika mwishoni mwa mkutano mkuu. Nafasi ya katibu wa mapokezi iko wazi, na anayeitaka ajue kwamba kazi yenyewe ni kufuatilia funguo, ratiba na masijala kuliko kupamba ukumbi. Beseni la mchanga liko ofisini kwangu kwa atakayelihitaji. Na aliyeondoka na ufunguo wa pili wa chumba chenye maboksi, tafadhali aurudishe. Mwenzetu bado anaingia kwa hisani ya mlinzi.